Avenyu Yenye Vyandarua

Jumatatu, 4 Machi 1957

Nimechaguliwa mimi. Masere Godelieve, mtawa anayetufundisha, alitaja jina langu mbele ya darasa zima la tatu – nikaweka ule uso wa kushangaa niliokuwa nimeufanyia mazoezi tangu Ijumaa.

Ni uchunguzi wa afya katika cité, mtaa wetu sisi Waafrika hapa Kindu. Kuingia nyumba hadi nyumba, kuuliza, kuandika, kisha ripoti isomwe mbele ya munganga, daktari wa serikali. Vyandarua vimefika kwa meli kutoka Ponthierville, na havitoshi cité nzima. Munganga ataamua avenyu ipi ipewe, kwa kufuata tutakachoandika.

Swali langu nililitunga mwenyewe: kwa nini watoto wetu wanakufa kwa homa, na watoto wa mtaa wa wazungu, hapo tu ng'ambo ya reli, hawafi? Masere alilisoma mara mbili. Akasema "kwa nini" ni swali la watu wa chuo kikuu. Mimi niulize "ngapi".

Basi nitauliza ngapi.

Nimechagua avenyu yetu. Kwa ajili ya sayansi, nilimwambia Masere. Kwa kweli ni ili wanione.

Jumatano, 6 Machi

Soksi nyeupe. Kalamu ya wino ya shemeji Isidore, ambaye ni karani wa reli – alinikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto wake wa kwanza. Yaya Adèle, dada yangu mkubwa anayenilea na mke wa hiyo kalamu, alinitazama toka jikoni akicheka bila sauti.

Nyumba ya kwanza: Bibi Kasimu, mke wa fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta.

– Mutoto wa Adèle, soksi yote hii unaenda wapi?

Nikasema naja kwake. Alicheka hadi akakaa.

Nikauliza wanalala wangapi katika chumba kimoja. Akasema, si unajua, ulilala humu mwaka jana mvua ilipobomoa jiko lenu, ukanipiga teke usiku kucha. Nikaandika: *hakujibu*.

Nilitoka bila kumuuliza habari ya mtoto wake aliyezikwa wakati wa Krismasi. Hakukuwa na safu yake kwenye karatasi.

Jumamosi, 9 Machi

Ajabu. Avenyu imefagiliwa mpaka mtaroni. Mitungi ya maji imefunikwa. Wanaume walionibeba mgongoni nikiwa mdogo wanasimama nikiingia, kama kwa mwalimu. Nilijaribu kutopendezwa. Sikuweza.

Na vyandarua! Nilitegemea kuvikuta kwa makarani peke yao. Lakini hata kwa Zéphirin, anayebeba magunia bandarini, kimo – kimetandazwa juu ya mkeka, cheupe, na watoto wamekaa chini yake kimya kama wanapigwa picha. Mdogo wao akauliza, mama, hii njo nini? Mama yake akamfinya. Nikaandika pembeni: *mtoto ana udadisi*.

Nyumba tano leo, vyandarua vitano. Nimeandika sentensi ndefu ya Kifaransa kuhusu maendeleo ya wakazi. Ina "cependant" mbili, yaani "hata hivyo". Nimeisoma kwa sauti mara kadhaa.

Jumatatu, 11 Machi

Masere amefurahi hadi mashavu yamekuwa mekundu. Anasema haya ni matunda ya mafundisho ya wamasere. Amepeleka karatasi zangu za kwanza kwa munganga bila kungoja ripoti nzima. Anaona sasa vyandarua vitakwenda avenyu nyingine, kule kwenye kinamasi, maana sisi tunavyo.

Niliumia kidogo kwa ajili ya majirani. Halafu nikajiambia: mchunguzi haumii, mchunguzi anaandika. Nimeipenda sentensi hiyo. Nimeiandika tena kwa wino.

Désiré, mtoto wa Yaya, alilia usiku. Meno, anasema Yaya. Mimi nalala chumba cha mbele na kitabu kichwani, sikuamka.

Jumatano, 13 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Philomène, mjane, anayeuza kwanga, mikate ya muhogo, sokoni. Chandarua kilikuwepo. Nikainama kukitazama vizuri, kwa sababu nilitaka kuandika na hali yake – kipya, kichakavu – Masere anapenda ukamilifu.

Kwenye pembe kuna kiraka cha bluu. Kitambaa cha sare yetu ya shule. Kimeshonwa kwa uzi mweupe, mishono inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi.

Kiraka hicho nilikishona mimi. Mwaka wa kwanza, somo la ushonaji, kwenye chandarua cha nyumbani kwetu. Nilipata nne juu ya kumi.

Nikaendelea kuuliza maswali. Choo kiko wapi, maji mnachota wapi. Sauti ilikuwa yangu, lakini ilitoka mbali. Mama Philomène alijibu yote vizuri, kama katekisimu.

Yaya alikuwa anachagua mchele. Nilimuuliza chandarua chetu kiko wapi. Hakuinua macho.

– Si umetoka kukiona.

Majirani walikuja kwake kukiazima tangu jioni ya soksi zangu, mmoja mmoja. Hapa Kindu anayeingia nyumba ya mtu na kalamu ni wa kodi au wa usafi, hakuna wa tatu. Zéphirin amekwisha kupigwa amande, faini ya serikali, mwaka huu kwa sababu ya viluwiluwi vya mbu kwenye mtungi. Chandarua kikawa kinatembea mbele yangu, nyumba hadi nyumba, kwa mlango wa uani, huku mimi napita barabarani nikikihesabu.

– Ningewaambia nini? Kwamba mutoto anayewauliza ni wangu, lakini chandarua siwapi? Na wewe ulikuwa unarudi unaimba.

Kweli. Nilikuwa naimba.

Kwa juma zima hakikulala kwetu. Nikaingia chumbani kwake. Désiré alikuwa amelala juu ya kanga. Nilimgusa paji la uso, nikaondoa mkono haraka kama mtu aliyegusa sufuria.

Si meno.

Alhamisi, 14 Machi

Mama Philomène alikileta chandarua kabla hatujaamka, kimekunjwa, na kwanga mbili juu yake. Tulimpeleka Désiré dispensari, tukangoja tumesimama uani. Wakampa kinini. Infirmier, muuguzi wa pale, alisema arudishwe kesho. Toka pale tunaona hospitali ya wazungu kilimani, na madirisha yake ya wavu. Madirisha yanalala ndani ya chandarua, na Désiré hapana. Hiyo ingekuwa sentensi nzuri ya ripoti. Nimechoka na sentensi zangu nzuri.

Baada ya masomo nilimwambia Masere kila kitu. Alipanga madaftari yaliyokuwa mezani. Kisha:

– Labda umekosea. Vyandarua vyote vinafanana.

Nikasema kiraka ni changu.

– Ulishona wewe? Nilikupa ngapi?

– Nne juu ya kumi, Masere.

Akakumbuka. Nilimwona akikumbuka.

– Basi ni chako.

Akageukia dirisha. Akasema munganga amependa karatasi zangu mno, anakuja mwenyewe Jumamosi kuiona avenyu ya mfano, na mimi nitasoma mbele yake. Nisome nilichokiona. Hakusema kipi. Na mimi, shujaa, sikuuliza.

Ijumaa, 15 Machi

Nimepita tena nyumba zote. Bila soksi. Nimewaeleza: mwacheni munganga aone vitanda vilivyo, vyandarua anavyo, atawapa wasio navyo.

Zéphirin alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

– Juma lililopita ulikuja kutuuliza. Leo unakuja kutufundisha kujibu. Juma lijalo utakuja na polisi?

Bibi Kasimu hakuwa na hasira, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema:

– Mwanangu, ukweli ya masikini inalipiwa amande. Ya tajiri njo inaitwa ripoti.

Mama Philomène aliomba chandarua kwa kesho. Munganga ataanzia upande wake, alisikia. Nikamwambia Désiré ana homa. Akashika mdomo. Hakuomba tena, lakini alibaki amesimama mlangoni, hana pa kwenda.

Homa ya Désiré ilishuka asubuhi. Jioni imepanda. Shemeji Isidore anatembea uani na kurudi. Hajaniuliza kalamu yake.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nimesimama, nyuma ya pazia la mlango wetu.

Asubuhi Bibi Kasimu alikuja. Nilijua amefuata nini. Aliinua pembe ya chandarua, akamtazama Désiré, akaishusha taratibu na kuipindia chini ya mkeka. Akatoka. Nikasikia anaita nyumba za nyuma, moja baada ya nyingine.

Munganga alifika na Masere na karani wake. Nyumba ya kwanza, Mama Philomène: chandarua kiko wapi? Nimekifua, Munganga. Kwa Zéphirin: nimekifua. Kwa Bibi Kasimu: kimefuliwa, baba. Kila nyumba, macho chini, sauti ile ile. Hakuna hata mmoja aliyelitaja jina la Yaya.

Munganga alicheka kwa furaha. Watu safi sana, alimwambia Masere. Masere hakucheka. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kwa Kifaransa cha upole kabisa: Na vyote hivyo, Mademoiselle, vimeanikwa wapi?

Avenyu nzima ilinitazama. Hakuna kamba hata moja yenye nguo. Tangu alfajiri kuna mawingu.

Nikasema naenda kuleta ripoti.

Hivyo ndivyo nilivyojibu. Msichana wa kwanza darasani.

Ripoti ninayo mkononi tangu asubuhi. Aliiona, nadhani. Désiré amelia sasa hivi, kilio kidogo kikavu, na nje maneno yamekatika. Munganga anauliza mtoto huyo ni wa nani. Bibi Kasimu anajibu haraka, ni meno, Munganga, meno tu. Shemeji anakohoa.

Nasikia miguu ya Yaya. Amesimama upande wa pili wa pazia, karibu nami kiasi kwamba kitambaa kinagusa kiwiko chake.

– Karibu, Munganga. Ingia uone.