Kuulizwa Mara ya Pili

Mjukuu wangu Rehema,

Pokea salamu zetu za Msambweni. Mamako hajambo, na mbuzi wake amezaa. Mimi nimechoka tu.

Umeniuliza mbona nilimwambia nesi kwenye simu kuwa mashine ya kupumulia inanifaa, ilhali kila nikilala naivua. Mwanangu, aliniuliza hali, nikajibu, "Alhamdulillahi." Sisi twajibu hivyo hata tukiwa hoi. Naye akashukuru, akakata simu.

Nilipokuwa msichana kule Vanga, shangazi yangu aliugua kifua. Kila aliyekuja kumjulia hali, shangazi alimjibu, "Njema." Jirani mmoja tu ndiye aliyekaa, akamenya muhogo pamoja nasi, kisha akamuuliza tena, taratibu. Hapo shangazi alilia, akasema yote.

Jana nesi alikuja nyumbani. Nikamwambia, "Alhamdulillahi." Hakuondoka, akauliza tena. Nikasema upepo wa mashine wanisukuma mno, na barakoa yanichubua pua. Akapunguza upepo, akanibadilishia barakoa. Nimelala nayo hadi adhana ya alfajiri.

Nawe umeandika kuwa huko Nairobi u salama. Nimesoma. Sasa nakuuliza tena, Rehema: hujambo?

Bibi yako