Bolti ya Kumi

Migori, 4 Machi 2024

Kwako omera, ndugu yangu Jacktone,

Habari ya siku mingi. Natumaini uko mzima na watu wako huko Homa Bay. Mimi niko, ni mgongo tu unasumbua. Naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu ungekata, na pia mimi kwa simu huwa naongea mingi mpaka ukweli unapotea. Oliver wa kubeba mizigo anasema anajua mahali unatengeneza injini za boti.

Wiki jana Mzee Noor aliniita. Ile pickup yake ya bluu bado iko nyuma ya duka yake ya simiti, miaka kumi na tano tangu injini iharibike. Anataka itembee tena kabla azeeke kabisa. Nikafungua injini juu, nikatoa silinda hedi, nikapangusa ubavu wake na kitambaa. Unamkumbuka Mosoti, fundi wa mashine kule Kisii? Kila hedi akichonga, anagonga namba ya kipimo alichokata. Namba iko. 1.5.

Wewe ulikuwa umeandika nusu milimita. Ulishinda siku nzima ukimwaga mafuta taa na sindano kwa kila chumba cha hedi, ukihesabu kinaingiza ngapi, ndio pistoni ibane mara tisa badala ya nane na nusu, gari ipande mlima na simiti bila kulia. Halafu ukaitwa matanga Rusinga. Mimi ndio nilipeleka hedi. Mimi ndio nilimwambia Mosoti, "Kata moja na nusu, hii gari iruke." Sikupima. Nikakaza bolti zote kumi peke yangu, na sheria yetu ilikuwa bolti ya kumi ni ya mwenzako: akague kwanza zile tisa, ndio akaze yake.

Injini ikabana kupita kiasi, pistoni zikatoboka kabla ya Rongo. Noor akauliza nani alipima. Nikasema, "Jacktone." Gereji ilikuwa kwa ploti yake, akakufukuza, na jina lako likaisha Migori yote.

Nisamehe. Sijui kuandika vizuri zaidi ya hapo.

Ndugu yako,
Maroa


Migori, 22 Aprili 2024

Omera,

Salamu tena. Sijui kama mko wazima, sijapata jibu. Oliver anasema barua alikupa mkononi na uliiweka mfukoni bila kufungua.

Pistoni mpya nimeweka, na nimepata hedi ingine Uriri, ya injini kama ile, haijawahi kuchongwa. Nimesaga valvu zote nane. Nilimwaga petroli juu nikangoja, hakuna hata moja inavuja. Nikageuka niseme, "Cheki hii!" Nikaona ukuta.

Liz aliniacha mwaka juzi, akarudi kwao na mtoto. Nikimaliza kazi nakaa tu hapa mpaka watu wote wafunge, maana nyumbani hakuna wa kuuliza nimekula nini.

Ndugu yako,
Maroa


Homa Bay, 9 Mei 2024

Maroa,

Salamu. Sisi tuko wazima. Mama alituacha 2019.

Unaniambia habari ya namba kama ni kitu mpya. Niliiona. Siku ile injini ilifunguliwa, mimi ndio nilipangusa huo ubavu kabla yako. Wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni na Liz, amebeba mtoto wa wiki mbili. Nikasema moyoni, huyu akifukuzwa leo watalala wapi? Wacha ningoje, atasema mwenyewe.

Nikangoja mpaka jioni. Nikafungasha vyombo polepole, makusudi, spana moja moja. Ukanisaidia kubeba sanduku mpaka stage ya matatu. Hukusema.

Hapa nilingoja kama mwaka. Gari ya Migori ikisimama, nachungulia. Baadaye nikaacha kuchungulia.

Mimi sihitaji kuambiwa. Mwambie Noor. Si kwa simu, si kwa kona. Kwa duka, wateja wakiwa.

Jacktone


Migori, 3 Juni 2024

Omera,

Natumaini uko salama. Pole sana kwa mama. Alinilisha samaki mingi yule mama, na mimi sikujua hata ameenda.

Nimemwambia. Saa nne asubuhi, duka imejaa. Sainab mke wake alikuwa anapima misumari. Nilianza chini chini, Noor akaweka mkono kwa sikio. "Sema kwa nguvu, fundi. Hili sikio limezeeka."

Nikasema tena kwa nguvu, yote. Mama mmoja wa kununua rangi akacheka, "Haki huyu anatubu kwa duka ya misumari! Kanisa imefungwa?" Hakuna mwingine alicheka. Sainab akaacha kupima.

Noor alisukuma mizani kando. Halafu akasema, "Mwaka jana nilikutana na Jacktone sokoni Homa Bay. Alinisalimia. Nikampita kama nguzo ya stima." Akakaa kwa gunia la simiti. "Kumbe nilimpita bure."

Nikamwambia hedi iko tayari. Safari hii Mosoti amekata nusu milimita, vile wewe uliandika, amegonga namba. Noor akanikata maneno: "Haifungwi na wewe. Itafungwa na Jacktone, ama ioze hapo."

Kwa hivyo injini iko wazi, nimeifunika na gunia. Si kwa ajili yangu nakuita. Lakini nikisema sitaki kukuona nitakuwa nimeanza uongo tena.

Ndugu yako,
Maroa


Homa Bay, 17 Juni 2024

Maroa,

Salamu. Alhamisi Noor alikuja mwenyewe, na mke wake. Alikaa kwa mtungi wa mafuta, kanzu nyeupe na uchafu wote huu, akanishika mkono. Hakuuachilia haraka.

Nitakuja Jumamosi kufunga hedi. Lakini usikuwe hapo. Bado sijui nitakuangalia aje. Ufunguo wa gereji achia Sainab.

Jacktone


Migori, 23 Juni 2024

Omera,

Natumaini ulifika nyumbani salama na mvua ile.

Nilifanya vile ulisema. Nilienda Uriri asubuhi, nikakaa sokoni nikiangalia watu wakinunua mboga mpaka saa kumi na moja. Niliporudi ulikuwa umeenda. Sainab anasema ulikunywa chai vikombe viwili na ulikataa cha tatu, na ulipima kila kitu upya kama mimi sikuwahi kugusa. Nimeona hesabu yako kwa ukuta, kwa chaki. Vyumba vyote vinne sawa.

Nilitaka kufagia niende. Halafu nikaona spana ya kupima nguvu ya kukaza imelazwa juu ya kitambaa safi. Nikainama. Bolti tisa umekaza. Ya kumi iko kwa tundu lake, umeizungusha kwa vidole tu.

Nilinawa mikono kwanza.

Halafu nikakagua zile tisa, moja moja, bila haraka. Nilijua ziko sawa lakini nilikagua. Ndio nikakaza ya kumi, mpaka spana ikalia tak.

Leo mchana nimemalizia, ikawaka mara ya kwanza. Haigongi, haitoi moshi. Noor akampakia Sainab wakaenda hadi Awendo wakipiga honi kama harusi. Mimi nilibaki hapa gereji. Nikageuka kusema kitu, ndio nikachukua karatasi.

Sindano yako ilibaki kwa meza. Sijui kama ulisahau. Nimeiosha, nimeikausha, nimeitundika kwa msumari ule wa upande wako.

Ndugu yako,
Maroa