Baba, Ulituachia Simu ya Misa

Mwaka umepita sasa, Baba, tangu gari la wagonjwa lisimame mbele ya nyumba yetu na majirani wachungulie madirishani, kila mmoja na barakoa yake. Ulitoka kwa miguu yako. Ulikataa kushikwa mkono, ukasema wewe si bibi harusi. Ulipofika mlangoni ukakumbuka simu, ukaitoa mfukoni ukampa Mama. "Iwekeni chaji," ulisema. "Nikiondoka nayo, Jumapili mtasali na nini?" Gari likaondoka, na sauti yako hatukuisikia tena.

Tunaandika haya kwa sababu leo ni siku yako, mwaka kamili tangu ututoke, na kwa sababu lipo jambo ambalo hatukulijua tulipokuzika na sasa tunalijua. Lakini Mama hapendi tuanzie kwenye kifo. Amesema tuanze na wewe.

Ulikuwa fundi wa rangi. Nyumba nyingi za mtaa huu zimepita mikononi mwako, na hata leo mtu akitaka kusifia ukuta wake husema ni kazi ya Mzee wa Rangi. Kucha zako hazikuwahi kutakata. Jumamosi ulizisugua kwa mafuta ya taa mpaka Mama akalalamika kwamba sakristia nzima, chumba cha mavazi ya Misa, itanuka jiko. Ulikuwa msakristia kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Ulifungua kanisa, ukatandika altare, ukapanga vitabu na kalisi ya divai, ukamvalisha Padre. Padre alikuwa mkubwa wa parokia, na wewe ulikuwa mkubwa wa Padre. Ulimwambia viatu vyake vina vumbi. Ulimwambia mahubiri ya wiki iliyopita yalikuwa marefu, watu walisinzia. Naye alikutii, mtu mzima na mvi zake, na hakuna aliyeona ajabu.

Ulikuwa pia mtu wa wagonjwa. Padre akiitwa kwa mgonjwa aliyezidiwa, wewe ulitangulia na mkoba: stola ya kuvaa shingoni, mshumaa, mafuta matakatifu, na kitambaa cheupe ulichokipiga pasi mwenyewe kwa sababu pasi ya watoto wako hukuiamini. Uliingia vyumba ambavyo ndugu wenyewe waliogopa kuingia. Ulipanga vitu kwenye stuli, ukapiga magoti pembeni, ukaitikia sala kwa niaba ya mtu ambaye hakuweza tena kuitikia. Mama alijivunia jambo hilo kuliko yote. Alikuwa akisema kwamba siku yako ikifika hutakosa wa kukusindikiza.

Halafu likaja janga, na kanisa likafungwa. Ulirudi nyumbani na funguo, ukazitundika msumarini, ukakaa sebuleni kama mtu aliyeachishwa kazi. Tulikuonea huruma. Padre alipoanza kurusha Misa kwa simu ndipo ulipopata uhai tena. Uliisimamisha simu mezani, ukaiegemeza kwenye kopo la sukari, ukatupanga sebuleni kwa safu. Kila mtu avae viatu. Mdogo wetu wa mwisho alijaribu kuingia na kandambili, ukamrudisha chumbani kwa macho tu.

Ile Jumapili ya mtandao hatuwezi kuiacha, Baba, tutacheka nayo mpaka uzeeni. Padre aliinua hostia, mkate wa Misa, wakati wa mageuzo, na picha ikaganda hapo hapo, mikono yake juu. Dada mkubwa akanyoosha kidole aiguse simu, ukamkazia macho. Ulinong'ona kwamba hatuinuki, Padre hajashusha mikono. Tukabaki tumepiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi. Mdogo wetu akaanza kucheka chini kwa chini, Mama akamfinya, halafu Mama mwenyewe mabega yakaanza kumtikisika. Jirani yetu mwenye duka alipogonga dirisha kuuliza kuna nini humo ndani, maana Misa ilishakwisha zamani, uliinuka taratibu, ukapangusa magoti na kumjibu kwamba kwetu ilikuwa haijaisha.

Na zile alama je? Kanisa liliporuhusiwa kufunguliwa kwa watu wachache, Padre alikuomba uweke alama kwenye mabenchi, watu wakae mbali mbali. Mwingine angebandika karatasi. Wewe ulichukua rangi ya mafuta, nyekundu, kwa sababu hukujua kufanya kazi ya kubandua kesho. Haikukauka kwa wakati. Mwenyekiti wa kwaya akarudi kwake na msalaba mwekundu nyuma ya sketi yake nzuri. Tulidhani utamwomba radhi. Ulisema alikaa palipokatazwa, na alama imefanya kazi yake. Mpaka leo zipo, na Padre amekataa zisuguliwe.

Hatujui ugonjwa uliupata wapi, na tumeacha kutafuta. Tunachojua ni kwamba hospitali haikuturuhusu kukuona. Mama alikwenda kila siku, akasimama getini na chupa ya chai, akairudisha nyumbani imepoa. Muuguzi mmoja alikuwa akimletea habari zako: leo amelala vizuri, leo anapumua kwa shida. Siku ya mwisho muuguzi yule alimshika Mama mkono, na wakati ule watu walikuwa hawashikani mikono.

Ulizikwa na watu waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni. Sisi tulisimama mbali, wachache, bila kwaya. Wewe uliyewasindikiza wengi hukupata hata wimbo. Padre alisali na barakoa yake, sauti inakatika. Alipomaliza, Mama alimsogelea akamuuliza kama ulipakwa mafuta matakatifu kabla hujafa. Padre akatikisa kichwa. Mama akamtazama sana.

"Uliogopa," alisema.

"Nisamehe, Mama," alijibu Padre.

Tangu siku hiyo Mama hakukanyaga parokiani kwetu. Usifikiri aliacha kusali. Rozari haikumtoka mkononi. Lakini Jumapili alitembea mpaka parokia ya jirani, mwendo mrefu kwa magoti yake yale, kwa sababu hakutaka kupokea Komunyo kutoka mkono ule. Mkono ule ulikuwa umeshika mafuta ukashindwa kuyafikisha kwako. Huko alikaa nyuma, mgeni, hajui hata nyimbo zao.

Padre alikuja nyumbani mara kwa mara. Mama alituagiza tuseme amelala, kisha akaingia jikoni kuosha masufuria kwa kishindo ili ajulikane yuko macho. Padre alikaa kwenye kiti chako, akasikiliza masufuria, akanywa maji, akaaga. Tulimwonea aibu. Baadhi yetu tuliona Mama amezidisha, na baadhi yetu, tukisema kweli, tulikuwa upande wake kabisa. Swali lake lilikuwa letu sote: ilikuwaje wewe, kati ya watu wote, ukafa mikono mitupu? Mama alikosa usingizi kwa swali hilo. Alikonda. Tulianza kuhofia kwamba kinyongo kile kitamfuata mpaka mwisho, na kwamba atakufa mbali na kanisa alilofungia ndoa.

Kisha, wiki chache kabla ya kumbukumbu hii, Padre alitangaza kanisani kwamba kutakuwa na Misa ya kukuombea. Mmoja wa waliosikia alikuwa dereva wa lori la maji, mtu ambaye hatukumfahamu. Alikuja kwetu mchana, akavua kofia mlangoni, akauliza kama hapa ndipo kwa Mzee wa Rangi. Alisema kitanda chake kilikuwa kando ya chako, pazia tu katikati. Alikuwa ametafuta nyumba hii tangu alipopona, ila jina la mtaa lilimtoka kwa homa.

Mama alikuwa anakunja nguo. Akamwambia aketi, aseme yote.

Dereva akasimulia. Usiku mmoja muuguzi alikuja kukuambia kwamba Padre yuko getini na mkoba wake, na kwamba hospitali imekubali aingie akivaa mavazi ya kujikinga. Ulimwomba dereva simu yake. Namba ya Padre uliijua kwa kichwa, maana wewe ndiye uliyeipaka kwenye mlango wa sakristia. Namba yako mwenyewe, ya simu iliyobaki nyumbani, hukuwahi kuishika, na Mama alipouliza kwa nini hukupiga nyumbani, dereva alisema ulijaribu, ukaanza tarakimu mbili tatu, ukakwama.

"Rudi, Padre," ulimwambia. "Kifua chako nakijua. Ukiingia humu hutoki."

Padre alikataa. Alisema hawezi kugeuka na mafuta mkononi. Nawe ukamwambia kwamba parokia ina wagonjwa tele na padre ni mmoja, akusomee sala hapo hapo aliposimama. Mlibishana, pumzi zako zikiwa chache, na kama kawaida yenu, ukashinda wewe. Akakuondolea dhambi, akasoma sala za wanaokaribia kufa. Mkono wako haukuwa na nguvu ya kushika simu, kwa hiyo dereva aliishika sikioni pako, akisikia kila neno, naye mwenyewe ana dripu mkononi. Uliitikia zote. Katikati Padre alishindwa kwa kulia, akaendelea mbele ovyo ovyo. Ukamwambia ameruka mstari, arudie. Akarudia.

Hapo dereva akazungusha kofia yake mikononi. Mama akamwambia amalize.

Alisema mwishoni ulimkataza Padre asimwambie mkeo kwamba ni wewe uliyemrudisha. Padre akauliza kwa nini. Dereva aliyakumbuka maneno yako yote.

"Lazima atamkasirikia mtu," ulisema. "Akinikasirikia mimi, atamgombeza nani? Wewe utakuwepo. Mwache akugombeze wewe."

Mama alikuwa ameshika shuka. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Huyu mzee," alisema. "Mpaka hasira zangu amenipangia."

Ndipo alipolia, Baba. Makaburini hakulia, alikuwa mkavu kama ubao. Siku hiyo alilia mpaka dereva wa watu akasimama, hajui aende au abaki, na dada mkubwa akamshika Mama kama anavyoshikwa mtoto. Alipotulia alifunga kitenge, akatoka na nguo zake za nyumbani, moja kwa moja parokiani. Tulimfuata kwa nyuma. Padre alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, anakwangua tope kwenye viatu. Mama alimuuliza kwa nini alikubali kubeba lawama isiyo yake mwaka mzima.

"Mama," alisema Padre, "mimi niliwahi lini kumshinda Mzee wa Rangi?"

Mama akaketi kando yake. Walikaa pale muda mrefu, na waliyozungumza hawajatuambia. Jumapili iliyofuata Mama alirudi kanisani kwetu. Baada ya Misa alituita sote, watoto na wajukuu, akamwomba Padre radhi mbele yetu, kwa sababu mbele yetu ndipo alipomwita mwoga.  Padre alitubariki, mmoja mmoja.

Tungependa kukuambia kwamba sasa Mama ana nafuu. Siyo kweli. Mwaka mzima hasira ilimshika mkono ikamtembeza. Sasa imeondoka, na ndiyo kwanza anakuomboleza. Jioni anakaa kwenye kiti chako, hataki taa iwashwe. Anakuja kaburini peke yake, na mlinzi wa makaburi ametuambia kwamba humsikia akisema kwa sauti, akinyamaza, akisema tena. Tulipomuuliza anasema nini alitujibu kwamba anakugombeza. Hapo tu, Baba, hesabu yako ilikosea. Anakukasirikia wewe mwenyewe, na ameona kwamba anaweza.

Unakumbukwa na mkeo. Na wanao: binti yako mkubwa, sisi wa katikati, na kitindamimba wako ambaye siku hizi anavaa viatu bila kuambiwa. Na wajukuu zako. Na kaka yako wa pekee. Na wakwe zako. Na wanakwaya, pamoja na mwenyekiti wao. Na Padre, ambaye anavaa mavazi ya Misa peke yake, hataki msakristia mwingine amsaidie. Na dereva aliyekushikia simu, ambaye tangu sasa ni ndugu yetu.

Mama ameagiza tumalize kwa maneno yake, na tusiyabadilishe. Anasema sala ulizosomewa getini amezikubali, kwa kuwa Mungu husikia hata kwa simu ya kuazima. Anasema amekusamehe, lakini si yote, mengine mtayamaliza mkionana. Na anasema siku yake itakapofika, Padre ataitwa, ataingia mpaka kitandani na mafuta yake, na wewe huko uliko usithubutu kumrudisha.

Siku zote za maisha yetu tutakukumbuka.