Ekra ya Frigo ya Chanjo

Bunia, Saio, tarehe 14 mwezi wa tatu

Kwako dada yangu mukubwa, yaya Adeline,

Nakusalimia weye na wote wanaokula nyumbani kwako hapo Boga. Mashamba inaendeleaje? Mama hapa iko muzima, magoti tu ndiyo inamusumbua, na dawa anakataa, unamujua. Na mutoto wetu Musoki? Mimi niko, yaya. Ninakula, ninaenda kazini. Sisikii huzuni wala furaha. Nimekufa ganzi kama mukono uliolaliwa.

Nikueleze ile kazi yangu, juu ulizoea kunicheka kwamba masomo ya informatique, ile ya kompyuta, ilinifundisha kukaa kwenye kiti tu. Mwezi wa kumi na moja, Mama Viviane, munganga wa chanjo hapa kituo cha afya, aliniomba kitu cha kuonyesha baridi ya frigo pale mulangoni. Nilikuwa na kompyuta ya ukubwa wa kiganja na ekra moja ndogo, kile kioo cha kuonyesha namba. Lakini kompyuta haikuijua ile ekra. Pilote, si ya ndege, ni ile sehemu ya programu inayoongoza ekra, ilikuwa na orodha ya ekra zingine, yetu haikuwamo. Nikaiongeza mwenyewe: upana, urefu, namna ya kuiamsha. Siku ine. Ilipowaka nilipiga kelele mpaka mama akafikiri ni mwizi.

Kasoro ilibaki moja. Picha yote ilisogea kushoto, kipande kikapotea nje ya kioo. Niliona, juu nilichora mistari kuzunguka namba, na mustari wa kushoto haukuonekana. Ingebidi nirudi kwenye pilote nihesabu upya pale picha inapoanzia. Nilichoka, yaya. Nikafuta mistari yote ine, ekra ikaonekana safi, nikaipeleka. Ilisoma 5, na chanjo inataka kati ya 2 na 8. Mama Viviane akasema Mungu anibariki.

Huku kwetu siye wote tunaogopa chanjo kupata moto. Nani anawaza frigo kupita baridi? Mwezi wa kwanza ikaharibika, ikashuka mpaka sita chini ya sifuri, na ekra yangu ikaonyesha 6, namba nzuri kabisa. Alama ya kutoa ilikuwa kushoto, nje ya kioo. Siku kumi na mbili hivyo, mpaka Mama Viviane akakuta barafu ndani ya chupa. Nilimueleza yote. Hakunitukana. Alisema tu kwamba chanjo iliyoganda haina nguvu tena, na watoto wote wa zile siku lazima wachomwe upya.

Watu wa kituo walipita nyumba kwa nyumba na kitabu cha majina. Yaya, jina la Musoki limo. Ulimuleta hapa kituoni zile siku ulipokuja kumuona mama, ndiyo sindano yake ya kwanza. Mama Viviane alitaka kukupigia simu. Nikamuambia kwetu habari mbaya haipelekwi na mugeni, inasemwa na mutu wa nyumba, aniachie. Akaniachia. Leo ni wiki sita.

Tena iko mbaya zaidi. Jumapili ulinipigia, ukasema kwa jirani yako Arlette watoto wanakohoa mpaka wanatapika, na munganga amesema ni kifaduro. Ukaniuliza kama unaweza kuendelea kumuacha Musoki kule ukienda shambani, maana alishachanjwa. Nilikujibu usiogope, amekingwa. Nilikuwa ninajua. Nikakata simu, nikala ugali wangu wote.

Tangu hapo nimekupigia mara tatu, na kila mara nimekuuliza habari ya mvua. Ndiyo sababu ninaandika. Tharcisse, kijana wa pikipiki, anakuja huko Boga asubuhi hii, barua itakufikia leo. Ogopa, yaya. Mutoe Musoki kule mara moja, umupeleke kwa munganga, ameanza kukohoa ama bado. Umuambie chanjo iliganda. Umuambie ni nani alifanya.

Nisalimie shemeki na majirani. Mama anakusalimia sana. Yeye bado hajui kitu.

Ndugu yako,
Paluku