Kaka Prosper, Kabla Hujavuka Mpaka

Kaka Prosper,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Jumapili iliyopita nilipiga magoti kanisani nikaomba tairi la Wanjiku lipasuke. La mbele na la nyuma. La kwako niliombea uzima.

Unakumbuka tulivyokutana naye? Tulikuwa tunarudi kutoka Tanga kwa baiskeli, safari uliyoniahidi tangu niko darasa la saba. Upepo wa Same ulikuwa unatuyumbisha, na mimi nilikuwa mahali pangu, nyuma ya gurudumu lako. "Ganda hapo hapo, mdogo wangu, nikukatie upepo." Barabara sikuiona, niliona mgongo wako tu, na ulinitosha. Ndipo akatokea yeye, Mkenya, peke yake, mizigo inaning'inia kila upande, eti anakwenda Malawi. "Niaje, wasee! Naweza jiunga?"

Ukacheka! Wewe, ambaye mama anasema uso wako ni wa mtu aliyenyimwa pombe ya mbege. Ukamwambia, "Ganda nyuma yangu." Maneno yale yale. Nikawa wa tatu. Mkaongeza mwendo bila kujua, nikabaki nyuma na upepo wangu. Jioni pale Mwanga, tukila chipsi mayai, ukamsimulia kisa cha babu na nyuki. Kile kisa chetu, Prosper. Hata mwisho wake hukuniachia.

Ukamleta nyumbani Uru apumzike. Asubuhi akachuma jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akaniletea huku anacheka. "Shika, siz. Maua sijaona, chukua hii."

Mama akaacha kumenya ndizi. "Binti, umemkosea nini huyu mtoto?"

"Mimi? Kwani nimemkosea?"

Kwake lilikuwa jani tu. Angejuaje kwamba kwetu anayekupa isale anakuomba msamaha, na kwamba isale halikataliwi? Wewe ulijua. Uliniangalia, mara moja, kisha ukainamia mnyororo wa baiskeli. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Asante, dada." Mama akasema basi, yamekwisha. Moyoni hayakuwa yameanza hata kuisha.

Ulisema unamsindikiza mpaka Arusha tu. Arusha yenu ikawa Dodoma, ikawa Iringa, sasa ni Mbeya, na mbele yenu ni mpaka wa Malawi. Kila siku ananitumia picha, ananiita siz. Wewe unanitumia ujumbe wa sauti. "Nijibu, mdogo wangu. Ukiwa umeninunia sivuki, nageuza."

Hiyo ndiyo inanitisha, kaka. Nikiendelea kunyamaza tu, unarudi. Nimenyamaza siku zote hizi nikilijua hilo.

Shuleni wangeniambia niandike "I miss you". Niliandika, nikafuta. Si hiyo. Naona wivu. Yeye ndiye anasikia unavyohema mlimani, yeye ndiye anajua umekula nini. Saa nyingine sielewi kama namwonea yeye wivu kwa sababu yako, au nakuonea wewe kwa sababu ya barabara. Mimi nayajua majina ya miji hiyo kwenye ramani ya darasani tu.

Lakini isale nililipokea. Huwezi kulipokea halafu ukaenda kuombea watu pancha. Na kukurudisha kwa kununa ni pancha ile ile.

Nasikia ndala za mama zinakuja. Kila siku akija nasukuma karatasi hii chini ya godoro. Anaita kutoka koridoni, "Prosper huyu kwenye simu! Nimwambie umelala?"

Nimemwambia aje nayo. Karatasi iko mezani, akitaka asome. Ukinisikia nimekasirika, ujue ni kweli nimekasirika, na bado nakwambia vuka.

Vuka, kaka. Na mwambie Wanjiku akague tairi zake.

Mdogo wako
aliyebaki Uru