Karo la Filbert Limejaa

Kwa Monica, Chekereni,
Moshi.
14 Desemba, 2025

Mpendwa Kaka Wenseslaus,

Shikamoo. Habari za Songea? Mguu wa wifi umepona? Sisi wazima, ila mimi nina furaha mbaya, na wewe sitakuficha.

Unakumbuka mwaka jana mama alipozidiwa, binamu yetu Filbert alikataa teksi ipite uani kwake. "Itanivunjia pevingi," alisema, yale matofali aliyotandaza uani. Tukambeba mama juu ya godoro, tukapita migombani kwenye matope ya Kibosho hadi barabarani. Akafia Hospitali ya Mawenzi siku ileile. Sijasahau, Kaka, wala sijasamehe.

Basi, karo la choo chake limejaa. Tangu ajenge lile jumba hajawahi kuita gari la kulinyonya, eti kwa kuwa wanalala humo Desemba tu, litadumu milele. Mfuniko wenyewe kaufukia chini ya hizo pevingi. Halafu kwenye kipaimara cha binti yake wakamwaga chooni machicha yote ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi! Mchagga gani anamnyima ng'ombe machicha? Sasa ulezi umeziba, maji hayazami tena ardhini, yanarudi juu bafuni. Na wageni wa Krismasi wanaanza kufika wiki ijayo.

Karo liko nyuma ya nyumba, mpakani kabisa. Mpira wa gari la majitaka haufiki mpaka gari litokee barabara mpya ya chini na kupita kwenye kihamba chetu, katikati ya shamba la migomba. Akanipigia mwenyewe, sauti ya upole: "Dada, naomba gari lipite." Nikamjibu, "Litanivunjia migomba," nikakata simu. Mwosha huoshwa. Usiku ule nililala vizuri sana.

Jumapili iliyopita baada ya misa nikamwona mkewe, Victoria, akikata jani la sale kwenye uzio. Nikajua ananiletea mimi. Ukishaletewa sale huna la kusema, lazima usamehe. Baba alitulea hivyo na mila siwezi kuivunja. Kwa hiyo nikafunga geti, nikashuka huku kwa dada yetu. Hawajui niliko.

Monica na watoto wanakusalimu. Nisalimie wifi Gladness na Denis. Mungu awatunze, na mama apumzike.

Wakinikosa, watakutumia sale wewe mkubwa wetu, hata kwa basi. Nakusihi, usilipokee. Sisemi sitamsamehe kamwe. Nasema wageni wake wafike kwanza.

Mdogo wako akupendaye, asiyesahau,
Dominika