Fausta Hakutuibia

Ndugu yangu Damasi,

Tangu tukuzike nimekuja kaburini kwako mara nyingi, nikakueleza habari za mvua na ulezi, nikarudi nyumbani bila kusema nililokuja kusema. Sasa miguu imevimba na kifua kimebana, sifiki tena huko. Kwa hiyo naandika.

Fausta hakutuibia.

Unakumbuka ulivyokuja na kikaratasi cha banda la kubeti, ukasema, "Mwalimu, maneno nayasoma, maana siioni." Lilikuwa lile dau la pande mbili, la mbio za farasi. Nikakupangia maharage mezani, mafungu mawili. Fungu hili linasema farasi wako atakuwa wa kwanza. Hili linasema atakuwa miongoni mwa watatu wa mbele. Akishinda, yote mawili yanalipa. Akiwa wa pili au wa tatu, la kwanza limekufa, la pili linakulipa kidogo. Ulicheka: "Kumbe mtu anashindwa na bado anakula!" Nilifurahi mno. Miaka mingi nilikuwa sijamfundisha mtu kitu.

Kisha ile siku farasi wako alimaliza wa tatu kwenye luninga. Tulikwenda dirishani kama wafalme. Fausta, aliyekuwa akikata tiketi, akasema kwa adabu, "Babu, leo wa tatu halipwi. Wamekimbia sita tu." Vijana nyuma yetu wakaanza, "Mzee, farasi wako kapitia kilabuni!" Wewe hukumtazama Fausta wala wao. Ulinitazama mimi. Nami nikamwambia, "Binti, mama yako nimemfundisha hesabu mimi. Mpe mzee hela yake."

Alikataa. Ukamwita mwizi. Mwenye banda hakutaka kelele za wazee wawili, akakulipa, na wiki hiyohiyo akamwondoa kazini. Kwenye sala za jumuiya ukaomba kwa sauti, "Tumwombee Fausta aache wizi," na mama yake amekaa mkekani palepale.

Siku chache baadaye nilirudi bandani peke yangu. Masharti yalikuwa ukutani, yamekuwapo siku zote. Wakikimbia wanane au zaidi, hulipwa watatu wa mbele. Wakiwa watano hadi saba, wawili tu. Mimi nilikuwa nimesoma mstari wa kwanza nikaona nimemaliza. Mwalimu wa hesabu, Damasi, na sikuhesabu farasi.

Ningekuja kwako jioni ile. Ulikuwa mwendo wa nyumba nne. Niliona haya, nikajiambia kesho, na kesho ikakukuta umelazwa hospitali. Hata huko ulinipa nafasi. Ulinishika mkono ukauliza, "Mwalimu, yule binti alituibia kweli?" Nikasema, "Alituibia." Ukasema, "Basi sikumsingizia," ukalala. Uliondoka na uongo wangu, ukidhani ni ukweli.

Mama Fausta hasali nasi tena. Fausta yuko kijijini Muze, anapalilia mashamba ya watu, maana hapa mjini hakuna aliyemwamini tena kushika hela. Mjane wako ananiletea uji kila asubuhi, ananipigia goti, "Shikamoo, Mwalimu." Nami naunywa. Hilo nalo nalikiri.

Alhamisi jumuiya watakuja kusali kwangu kwa sababu ya huu ugonjwa. Jana nilimpigia simu Mama Fausta nikamwomba aje, nikamwambia sababu.  Akauliza, "Utayasema mbele ya wote, Mwalimu, au utanivuta pembeni?"

Nilikuwa nimepanga pembeni. Hata sasa, na pumzi hizi zilizobaki, nilikuwa nimepanga pembeni.

Nikamjibu, mbele ya wote. Na nitasema kwamba wewe ulirudia tu ulichofundishwa, na kwamba aliyekufundisha alijua amekosea akanyamaza. Mjane wako atakuwapo. Asipoleta uji Ijumaa, nitaelewa.

Pumzika, ndugu yangu. Na kama huko uliko ulikwisha kuambiwa yote, usinigeuzie uso bado. Nivumilie mpaka Alhamisi.

Mwalimu